Kurona Ikiisha Meno: Ushauri kwa Mwenye Gari la Zamani Goma

Goma, gari la zamani lenye shida ya kuwaka hujulikana kwa jinsi lilivyoegeshwa. Mwenyewe huliacha pua ikitazama ziwa, maana mji wote umelala kwenye mteremko unaoshuka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo, na kesho asubuhi mteremko huo ndio utakaoliwasha. Asiye na mteremko hutegemea vijana wa mtaa wamsukumie. Watu wamezoea hivyo hata wanadhani ni tabia ya gari lililozeeka. Nataka kuwashawishi wenye Land Cruiser za miaka ya 1980, Land Rover za Series III na magari mengine ya umri huo kwamba jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe hupatikana hapa hapa mjini kwa fundi mwenye subira. Mara nyingi kilichokwisha ni pete moja ya chuma yenye meno.

Pete hiyo ndiyo kurona. Imevishwa kwenye ukingo wa volani, ile sahani nzito iliyofungwa nyuma ya mota (injini), ambayo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam huiita flaiwili. Ukizungusha ufunguo, pinyoni ndogo ya demareri, yaani starta, hutoka, ikauma meno ya kurona na kuizungusha mota mpaka ishike moto. Pinyoni mara nyingi huwa na meno tisa, kumi, au kumi na moja. Kurona mara nyingi ina zaidi ya mia. Kila asubuhi meno hayo machache hubeba kazi ya kuvunja kompresheni ya mota nzima, na kwa dizeli ya silinda sita kama 2H ya Land Cruiser HJ60, kompresheni hiyo si mchezo.

Meno hayaliki sawasawa mzunguko mzima, na hapo ndipo wengi hupotea. Mota ikizimwa haisimami popote inapotaka. Hewa inayobanwa ndani ya silinda inayofuata huirudisha nyuma kidogo, kisha inatulia mahali pale pale pa siku zote. Mota ya silinda nne ina sehemu mbili tu za kusimama, zikitazamana. Ya silinda sita ina sehemu tatu. Kwa hiyo pinyoni hugonga meno yale yale mwaka baada ya mwaka, huku meno mengine yakibaki kama yalivyotoka kiwandani. Ndiyo maana gari huwaka vizuri Jumatatu, likakataa Jumanne, likawaka tena Jumatano bila mtu kuligusa. Hakuna uchawi hapo: Jumanne mota ilisimama penye kidonda.

Sauti itakuambia mengi ukiisikiliza kwa makini. Kurona iliyoliwa hutoa mkwaruzo mkali wa chuma juu ya chuma, halafu demareri inazunguka bure. Kama unasikia mlio laini tu wa demareri ikizunguka kwa kasi, pasipo mkwaruzo, na hali ni hiyo hiyo kila mara, shaka iangukie kwenye pinyoni yenyewe au kifaa cha ndani kinachoishika. Kama unasikia "tak" moja na kimya, anzia kwenye batri, waya wa masi (wa ethi) na vichwa vya nyaya kabla hujamfikiria mtu wa kufungua bwati ya vitesi, yaani giaboksi. Kuna jaribio jepesi kwa mashaka ya kurona. Gari likikwaruza, ondoa ufunguo, tia gia ya nne, sukuma gari hatua moja mbele ili mota izunguke kidogo, rudisha gia katikati, jaribu tena. Likiwaka papo hapo, umeshaujua ugonjwa.

Hata hivyo, usitoe hukumu kwa sikio peke yake. Ondoa waya wa masi kwenye batri, fungua demareri, mulika tochi ndani ya tundu lake. Mwenzako azungushe mota taratibu kwa ufunguo kwenye bolti ya puli ya mbele, gia ikiwa katikati. Tia alama ya chaki kwenye jino la kwanza kisha tazama moja moja mpaka chaki irudi. Jino zima lina bega na uso bapa. Jino lililoliwa limekuwa jembamba na kali kama kisu, au limevunjika ncha, au lina mdomo uliokunjika upande ule pinyoni inapoingilia. Tazama na pinyoni iliyo mkononi mwako kwa jicho hilo hilo. Ikiwa kurona imeliwa, pinyoni nayo imeliwa, na kuweka kurona mpya mbele ya pinyoni kuukuu ni kuipeleka kurona hiyo machinjoni. Vibadilishwe pamoja.

Mtu ataniuliza: kama gari linawaka kwa kusukumwa, haraka ya nini? Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na siku tano baadaye wakubwa wa mkoa waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Barabara ya kwenda Sake ilijaa watu na magari. Siku kama ile hakuna anayebaki nyuma kumsukumia jirani gari. Tunaishi chini ya mlima uliotutoa mbio mwaka 1977, 2002 na 2021, achilia mbali vita. Gari la familia katika mji huu linapaswa kuwaka mara ya kwanza ufunguo unapozungushwa, na mimi sioni anasa yoyote katika hilo.

Kabla ya kununua kipuri, tafuta kilichoiua kurona ya kwanza. Usipokiondoa, kitaiua na ya pili. Goma sababu ya kwanza ni vumbi. Vumbi letu ni lava iliyosagwa, lenye punje kali zinazokwaruza kioo. Chini ya nyumba ya volani magari mengi ya zamani yana kibati cha kufunika na vizibo vya mpira, na garaji nyingi huvitupa vinapolegea zikiona havina kazi. Vumbi linaingia. Sasa, kama sili ya nyuma ya krenkishafti inavuja, mafuta yatachanganyika na vumbi hilo na kufanya ujiujiu mweusi unaosaga meno kila unapowasha. Pitisha kidole ndani ya nyumba ya volani gari likiwa limefunguliwa, kisha usugue kile kilichoshika kati ya kidole na gumba. Ukisikia chengachenga, umempata mwuaji.

Sababu ya pili ni batri dhaifu. Umeme mdogo huitoa pinyoni bila nguvu ya kuishikilia, ikawa inaruka na kugonga, inaruka na kugonga. Asubuhi zetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, huwa na baridi ya kutosha kuifanya dizeli kuukuu iwe ngumu kuwaka, na buji za kupasha moto zilizokufa huongeza majaribio. Buji nzima na batri nzima huongeza umri wa kurona kuliko ufundi wowote. Sababu ya tatu ni bolti za demareri zilizolegea, au busha za ndani zilizokwisha, hata pinyoni ikawa inaingia ikiwa imeinama. Ya nne ni mkono wa dereva: kuzungusha ufunguo mota ikiwa bado inazunguka. Huyo wa nne hatibiwi garajini.

Hapa lazima niseme wazi juu ya kuchomelea. Karibu kila garaji mjini itakupa njia ya mkato: fundi hujaza jino lililoliwa kwa elektrodi, kisha analichonga kwa tupa mpaka lifanane na wenzake. Naelewa inakotoka. Imetoka kwenye miaka mirefu ya kukosa vipuri, na mikono iliyoibuni ni mikono hodari. Lakini siikubali kwa gari la kutembelea kila siku. Meno ya kurona yalikomazwa kwa moto kiwandani. Joto la kuchomelea huua ukomavu huo kwenye jino lenyewe na majirani zake, ama hulifanya jino liwe gumu lakini la kukatika kama kioo. Jino likikatika ndani ya nyumba ya volani hujibana kati ya pinyoni na kurona, na hapo utavunja hata pua ya demareri. Tena tupa haiwezi kuchonga ubavu wa jino ule uliopinda kwa kipimo, kwa hiyo pinyoni inagusa kwa nundu moja tu. Njia hii ikutoe Masisi ikufikishe nyumbani, basi. Kibaya zaidi ni kuishikiza kurona iliyolegea kwa vidonda vya kuchomelea kwenye volani. Volani nyingi ni za chuma cha kalibu, na chuma cha kalibu kikichomelewa ovyo hupasuka. Sahani ya kilo nyingi inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu yako haistahili kuwa na ufa.

Njia ya mkato ninayoiheshimu ni nyingine, nayo ni ya wazee. Kama meno yaliyobaki ni mazima, kurona huvuliwa kwa moto, ikageuzwa nafasi na kuvishwa tena. Kwa mota ya silinda nne unaisogeza robo ya mzunguko, kwa ya silinda sita sehemu moja ya sita, ili vidonda viangukie mahali ambapo mota haisimami. Usidhani unaweza kufanya hivyo kwa kuzungusha volani nzima juu ya krenkishafti. Matundu yake mara nyingi hupangwa ili ikae namna moja tu, na alama za majira ya mota huwa juu yake. Kinachosogezwa ni pete. Ni ukarabati wa kweli, unaweza kukupa miaka, na haugharimu kipuri.

Kama unanunua, nunua kwa vipimo, usinunue kwa jina la gari. Land Cruiser za umri huo ziliuzwa zenye umeme wa volti 12 na zenye volti 24, na demareri zake hazilingani. Gari lililopita mikono mingi huenda lilishabadilishiwa mota, volani au demareri njiani. Hesabu meno ya kurona kuukuu mara mbili, na mtu wa pili ahesabu bila kuambiwa jibu lako. Pima kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje mahali penye meno mazima, na unene. Kisha fanya hesabu hii: chukua kipenyo cha nje kwa milimita, ukigawanye kwa idadi ya meno baada ya kuongeza mbili. Kurona ya milimita 330 yenye meno 130 inakupa 330 kwa 132, yaani 2.5, na hiyo ndiyo moduli, kipimo cha ukubwa wa jino. Meno ya demareri mara nyingine hukatwa mafupi kidogo, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukuongoza, na hukumu ya mwisho ni pinyoni mpya kulala ndani ya meno ya kurona mpya juu ya kaunta, bila kucheza sana na bila kubana. Tahadhari na magari ya Kiingereza ya zamani: jino lililokatwa kwa inchi, kumi kwa kila inchi ya kipenyo, ni moduli 2.54. Kwa macho hutaona tofauti na 2.5. Kwenye kurona ya meno 130 tofauti hiyo ndogo inakuwa zaidi ya milimita tano za kipenyo.

Maduka ya mtaa wa Birere hapa mjini huwa na kurona za Toyota, mpya na za okazyo. Usipoipata huko, watu huagiza Gatsata mjini Kigali, au Kisekka mjini Kampala, na kwa Land Rover hata Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambako vipuri vya Kiingereza havijapotea. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa, kuagiza kumekuwa kazi ya barabara, mipaka na pesa taslimu. Ndiyo sababu zaidi ya kutuma karatasi yenye vipimo, idadi ya meno na picha ya kurona ikiwa imelazwa kando ya rula. Kipuri kisichoingia hakirudishwi kirahisi.

Kufungua gari sitakueleza hatua kwa hatua, kwa sababu kila gari lina mlango wake. Land Cruiser hufunguliwa kwa chini: rodi za nyuma na mbele zinatolewa zikiwa na alama, kisha bwati ya vitesi pamoja na ile ya magurudumu manne inashushwa kwa jeki ya maana na watu wa kutosha. Land Rover ya Series hufunguliwa kwa juu: sakafu na sanduku la viti hutolewa, bwati ikanyanyuliwa kwa mnyororo kupitia ndani ya gari. Kwa vyovyote vile, gari lisimame juu ya vigingi vya chuma. Nimeona magari yakiegemezwa juu ya mawe ya lava. Jiwe la lava lina matundu kama mkate na huvunjika bila kutoa taarifa. Usimruhusu kijana yeyote aingie chini ya gari la namna hiyo, hata awe na haraka gani.

Sahani ya ambreyaji, yaani klachi, na volani zitiwe alama ya tindo kabla ya kufunguliwa, ili zirudi kama zilivyokuwa. Volani ya dizeli ni nzito ya kuvunja mguu; acha bolti mbili zinazotazamana zikiwa zimelegea mpaka watu wawili wawe wameishika. Na kwa kuwa umefika huko ndani, tazama diski ya ambreyaji, beringi ya kusukuma ambreyaji, beringi ndogo iliyo katikati ya krenkishafti, na sili ya nyuma ya mota. Kazi kubwa ya kubadilisha kurona ni kufika kwenye kurona. Anayerudisha sili inayovuja kwa sababu "bado inavumilia" atalipa kushusha bwati mara ya pili.

Sasa kurona yenyewe. Kabla ya kuigusa, piga picha upande wa meno uliochongwa mshazari. Mshazari huo huelekea upande pinyoni inakoingilia, na magari hayafanani: demareri nyingine husukuma pinyoni kutoka mbele, nyingine, kama baadhi ya Lucas za zamani, huivuta kuelekea kwenye demareri yenyewe. Ukiivisha kinyume utalijua kosa siku gari litakapokuwa limeshafungwa lote.

Kama unaitupa kurona kuukuu, toboa tundu kati ya meno mawili, kwenye shina lao, uende karibu ya kutokeza lakini usifike kwenye volani. Shika volani kwenye jiliwa lenye meno ya shaba au mbao, funika mahali hapo kwa gunia, vaa miwani, upige tindo juu ya tundu. Pete inapasuka kwa mlio na inaweza kuruka, ndiyo kazi ya gunia. Kama unataka kuigeuza na kuitumia tena, hakuna kutoboa: pasha pete moto kuizunguka, usiipashe volani, ukiigonga kidogo kidogo kila upande mpaka iteremke.

Kikao cha pete kwenye volani kisafishwe kwa brashi ya waya mpaka king'ae, na kila nundu iondolewe kwa tupa laini. Chembe moja ya uchafu chini ya pete itaifanya ikae imeinama, na pete iliyoinama hukwaruza upande mmoja wa mzunguko na kulegea upande wa pili. Hapo ndipo pa kutumia nusu saa bila kusikitika.

Kurona mpya haiingii kwa nyundo. Ni ndogo kuliko kikao chake kwa makusudi, na moto ndio unaoipanua. Pete ya kipenyo cha milimita 300 ikipandishwa nyuzi 200 juu ya joto la hewa hutanuka kwa takriban milimita 0.7. Nafasi utakayopewa ni hiyo, ukitoa kile pete ilichopungukiwa. Kitabu cha ukarabati cha Land Rover hutaka nyuzi kati ya 225 na 250, na hukataza kuzidi hapo. Katazo hilo lina sababu ile ile niliyoitaja kwenye kuchomelea: ukiipasha mpaka iwe nyekundu, itaingia kwa raha na kukaa vizuri, lakini meno yake yatakuwa laini, na baada ya muda mfupi utarudi ulikotoka. Kurona nyingi mpya huuawa siku ya kuvishwa, na mwenye gari humlaumu muuzaji.

Je, utazijuaje nyuzi bila kipima joto? Chuma kina lugha. Sugua sehemu mbili tatu za pete kwa msasa mpaka zing'ae kama kijiko. Joto likipanda, sehemu hizo hugeuka rangi: karibu nyuzi 220 hadi 230 zinakuwa manjano hafifu kama majani makavu, zikipita 250 zinaelekea kahawia, karibu 280 zambarau, na karibu 300 samawati. Unataka manjano. Ukiona kahawia inaanza, ondoa moto. Ukiona samawati kwenye meno, meno hayo yamekwisha kabla ya kuanza kazi. Tazama rangi kivulini, maana jua la mchana huificha. Msaidizi wa rangi ni waya wa lehemu wa mafundi redio, ule wa bati 60 kwa risasi 40, ambao huyeyuka karibu nyuzi 190. Uguse kwenye pete mahali mbalimbali: ukiyeyuka kote, umekaribia, ukiyeyuka upande mmoja tu, moto wako hauko sawa.

Usawa wa joto ndio shida ya moto wa gesi. Fundi akisimama mahali pamoja na mdomo wa moto, upande mmoja unafika samawati huku wa pili ukishikika kwa mkono. Moto utembee bila kusimama, uelekezwe upande wa ndani wa pete, mbali na meno, pete ikiwa juu ya matofali makavu. Mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, nayo inaweza, ikiwa pana kuliko pete na makala yametandazwa sawa. Lakini ninachokipendekeza kuliko vyote ni oveni. Wenye umeme wa Virunga Energies au wa SNEL na oveni ya nyumbani inayofika nyuzi 250 wanacho tayari chombo bora kuliko cha garaji nyingi: iweke kwenye 230, uiache saa nzima, na joto litakuwa moja kuizunguka yote. Asiye nayo azungumze na mwoka mikate. Tanuri la mkate linalofanya kazi liko kwenye joto hilo hilo, na baada ya mikate ya alfajiri kutoka, huwa na nafasi. Ioshe pete mafuta yote kwanza kwa petroli, uiache ikauke kabisa hewani, kwa heshima ya chakula cha watu.

Wakati pete inaiva, volani ilazwe sakafuni ikiwa tambarare, ikiwa baridi kadiri iwezekanavyo. Andaa koleo mbili, glovu za ngozi kavu, nyundo ya shaba au kipande cha mbao ngumu, na mtu wa pili aliyeambiwa mapema atasimama wapi. Fanyeni mazoezi na pete ikiwa baridi: nani anashika upande gani, mshazari unatazama wapi, nani anagonga. Pete ikitoka kwenye moto mna sekunde chache tu, kwa sababu ikigusa volani baridi inaanza kurudi. Iteremsheni ikiwa sawa, igongwe kidogo kuizunguka mpaka ikae begani pande zote. Ikining'inia upande mmoja, msilazimishe. Ivuliwe, irudi ovenini, muanze upya.

Ikishakaa, usimwage maji. Naisisitiza hii kwa sababu ndoo huwa karibu, na mkono wa mtu huwa mwepesi. Maji hupoza ghafla, na chuma kilichopozwa ghafla hupasuka au hujipinda. Iache ipoe yenyewe mpaka uweze kuishika. Kisha pitisha karatasi nyembamba kati ya pete na bega lake, kuizunguka yote, isiingie popote.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa mambo machache. Bolti za volani ziwe mpya ukizipata, zikazwe kwa msalaba kwa ufunguo wa kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu cha mota ile, si kwa msuli wa fundi mnene kuliko wote. Kabla ya kuinua bwati, funga waya mgumu karibu na meno kama kidole kinachoonyesha, zungusha mota kwa mkono, tazama kama umbali kati ya waya na meno unabadilika. Unabadilika sana? Pete imeinama au kikao kilikuwa na uchafu, na huu ndio wakati wa kulijua hilo. Funga demareri yenye pinyoni mpya, paka ncha za meno kidogo ya rangi au chaki, izungushe mara moja, utazame mahali pinyoni ilipogusa. Mguso uwe katikati ya ubavu wa jino. Rudisha kile kibati cha vumbi na vizibo vya mpira. Kama vilipotea, fundi bati atakata kingine kwa muda mfupi, na mpira wa tairi kuukuu unatosha kuwa kizibo.

Wiki za kwanza, kaza tena bolti za demareri, na ukisikia mkwaruzo hata mara moja, fungua utazame. Halafu chukua daftari, andika idadi ya meno, kipenyo cha ndani na cha nje, unene, volti za demareri na tarehe ya kazi, uliweke pamoja na karatasi za gari. Atakayelifungua gari hilo baada yako, awe mwanao au mnunuzi, asianze kuhesabu upya gizani.